Msindikizaji Asiishie Mlangoni

Wapo watu wasemao kuwa kuzaa ni jambo la maumbile, na kwa hiyo halihitaji maneno mengi: mwanamke huchukua mimba, miezi yake ikatimia, akazaa. Wapo na wengine wasemao kuwa kuzaa ni kazi ya hospitali, na kwa hiyo mzazi hana neno ila kutii. Kauli hizi mbili huonekana kuwa mahasimu, walakini hukutana mahali pamoja: zote mbili humnyima mwanamke haki ya kuulizwa. Ya kwanza haimwulizi kwa sababu humdhania kuwa kama mti uzaao matunda; ya pili haimwulizi kwa sababu humdhania kuwa kama mzigo upokelewao ghalani. Nakusudia kuzipinga zote mbili, na kutetea jambo moja ambalo naliona kuwa msingi wa mengine yote: kwamba kila mwanamke aingiaye chumba cha kuzalia, katika mji wa Arusha na katika vijiji vya mlima Meru, awe na haki ya kuingia na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, na mtu huyo akae naye mpaka mtoto azaliwe.

Na tuanze na lugha, maana lugha ni shahidi asiyehongeka. Kiswahili kina neno kujifungua. Katika neno hilo mwanamke ndiye mtendaji. Hafunguliwi na mtu, bali hujifungua mwenyewe. Kina pia neno kuzalishwa, ambalo ndani yake mtendaji ni mwingine na mwanamke ni mtendwa. Siku hizi tumeongeza usemi wa tatu, nao ni kujifungua kwa njia ya kawaida. Maana yake ni moja tu: hakupasuliwa tumbo. Mwanamke aweza kulala chali peke yake usiku kucha, asipewe maji ya kunywa, akemewe kwa sababu amelia, akatwe njia kwa mkasi bila ya kuambiwa sababu. Asubuhi ndugu zake wakiuliza habari, wataambiwa kuwa amejifungua kwa njia ya kawaida. Ikiwa hiyo ndiyo kawaida, basi neno kawaida limebeba mzigo usioistahili. Nisemapo uzazi wa asili, sina maana ya kukosekana kwa kisu tu. Nina maana ya uzazi ambao mwili wa mwanamke umeachiwa nafasi na wakati wa kufanya kazi yake, mwenyewe akitembea, akinywa, akikaa au akipiga magoti apendavyo, akiwa na mtu wake ubavuni na mkunga mwenye subira karibu, na kisu kikingoja siku ya haja.

Yafaa niwaonye wasomaji juu ya hadithi moja iliyoharibu mjadala huu. Grantly Dick-Read, tabibu wa Kiingereza, aliandika kitabu mwaka 1933 akidai kuwa hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huongeza maumivu, na maumivu huzaa hofu nyingine. Baadaye alisafiri katika nchi za Afrika kuwatazama wazazi wetu, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1955. Katika fikira za watu wa mkondo wake mlikuwa na picha ya mwanamke asiyeguswa na ustaarabu, ambaye huzaa bila ya taabu kisha akarudi shambani. Picha hiyo ni ya uongo. Sisi wenyewe, kabla ya tabibu yeyote kutufikia, tuliipa kazi hiyo jina la uchungu, wala hatukukosea. Mmeru, Mwarusha na Mmaasai huumwa kama aumwavyo mwanamke wa London. Lakini ile nusu nyingine ya maneno ya Dick-Read, kwamba hofu ni adui wa mzazi, haikuwa uongo. Na hofu kubwa kuliko zote katika saa ile ni hofu ya kuachwa peke yako.

Basi asije mtu akasema kuwa namwita mwanamke wa leo arudi kuzalia nyumbani. Nyumbani palikuwa na mengi mema. Palikuwa na bibi na shangazi, palikuwa na mkunga wa jadi aliyejulikana kwa jina, na baada ya uzazi palikuwa na bakuli la mtori wa ndizi. Lakini palikuwa pia na damu isiyozuilika, na kifafa cha mimba kisicho na dawa, na mtoto aliyekwama siku mbili au tatu. Baadhi ya wanawake wa Kimaasai walipunguza chakula katika miezi ya mwisho ya mimba ili mtoto awe mdogo na apite kwa urahisi. Shauri hilo lilitoka katika hofu ya kweli, walakini lilimdhoofisha mama na mtoto pamoja. Aliyepona kukwama kwa mtoto aliweza kubaki na fistula, akivuja mkojo na kukimbiwa na watu. Huko Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha, kipo kituo cha Kivulini ambacho kimewatibu wanawake wa namna hiyo na kuwazalisha wengine wasifikwe na ugonjwa huo. Atakaye kusifu zamani na aende kwanza akawasikilize wagonjwa wa fistula.

Tarakimu za taifa nazo zasema hivyo hivyo. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, wazazi 63 katika kila 100 walizalia katika vituo vya afya. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 81. Katika uchunguzi ule wa kwanza, vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika ule wa pili vilikadiriwa kuwa 104. Makadirio ya namna hii hayana budi kusomwa kwa hadhari, lakini hapana mwenye akili awezaye kuwaambia wanawake wapige kisogo hospitali. Wanawake wetu wameitikia mwito. Wameshuka kutoka Nkoaranga na Ngare Nanyuki, kutoka Olkokola na Oldonyosambu, kwa gari, kwa pikipiki na kwa miguu. Swali ni hili: tumewapokeaje?

Katika kliniki mama mjamzito hufundishwa kujiandaa. Huambiwa aweke fedha, ajue usafiri wake, atafute mtu wa kumtolea damu, akusanye kanga, pamba, glavu, uzi na beseni, achague pia mtu wa kumsindikiza. Mafundisho haya ni mazuri, nami siyadharau. Lakini tazama yampatayo yule msindikizaji. Huamka usiku wa manane, hubeba mfuko, humshika mzazi mkono njia nzima, na wafikapo kwenye mlango wa leba huambiwa angoje nje. Hapa na pale mlango umefunguliwa, na waliofungua wastahili sifa. Walakini katika wodi nyingi za umma msindikizaji bado huishia kwenye benchi au kwenye majani ya uwanja. Beseni huingia na pamba huingia, lakini binadamu aliyeletwa kuwa faraja hubaki nje. Tumemfundisha mama kuleta kila kitu isipokuwa kile kisichonunuliwa dukani.

Kawaida hii si desturi yetu, wala haikuteremka kutoka mbinguni. Mwaka 1954 Emanuel Friedman wa New York alichora mstari wa mwendo wa uchungu kwa kupima jinsi njia ya uzazi ifungukavyo saa baada ya saa. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Salisbury ambao sasa ni Harare, waliuendeleza mstari huo ukawa chati ya kuwaonya wakunga wa zahanati za mbali: ikiwa njia haifunguki kwa kadiri ya sentimita moja kila saa, mzazi apelekwe hospitali kubwa. Ilikuwa chati ya huruma, nayo imeokoa watu. Mwaka 1969 Kieran O'Driscoll wa Dublin alieleza utaratibu wake wa kuharakisha uchungu uliochelewa. Lakini katika utaratibu huo alitaka kila mzazi awe na mkunga wake asiyeondoka ubavuni mwake mpaka mwisho. Ulimwengu uliazima kutoka kwake dripu ya kuharakisha na saa ya ukutani, ukamwacha mkunga huko huko Dublin. Ndivyo tulivyopata wodi ambamo saa yajulikana na mtu hajulikani.

Sasa hata wenye saa wamesahihisha saa yao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya juu ya uzazi. Likasema kuwa sentimita moja kila saa ni haraka mno kwa wanawake wengi, wala haifai kuwa sababu peke yake ya kuingilia kati. Kuwa mzazi asiye na hatari aruhusiwe kunywa na kula. Kuwa ahimizwe kutembea na kukaa wima. Kuwa kukata njia kwa desturi, bila ya sababu, kuachwe. Na kuwa kila mzazi awe na mwenzi wa kumchagua mwenyewe. Mwaka 2020 shirika hilo likatoa chati mpya ya kumwangalia mzazi. Katika chati hiyo, kabla ya mkunga kufikia mapigo ya moyo wa mtoto, huulizwa kama mzazi ana mwenzi, kama amepewa msaada wa kupunguza maumivu, kama amekunywa, na amekaa au kulala namna gani. Mambo tuliyokuwa tukiyaita anasa yamewekwa katika karatasi ya kazi.

Ushahidi nao si haba. Mwaka 1980 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya Guatemala ambayo haikuruhusu jamaa kuingia. Baadhi ya wazazi walipewa mwanamke wa kawaida, asiye muuguzi, wa kukaa nao na kuwashika mkono. Kati ya waliozaa bila ya matatizo, wenye mwenzi walizaa kwa wastani wa saa zisizofika 9, na wasio na mwenzi kwa zaidi ya saa 19. Uchunguzi ule ulikuwa mdogo, na haifai kujenga nyumba juu ya nguzo moja. Lakini mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Tofauti ya saa ilikuwa ndogo, kadiri ya dakika 40. Hata hivyo waliosaidiwa mfululizo walizaa wenyewe kwa wingi zaidi, na hatari yao ya kupasuliwa ilipungua kwa kadiri ya robo. Kama pangekuwa na sindano yenye faida hiyo, tungeiagiza kwa meli nzima.

Wala hatuna haja ya kwenda Guatemala. Katika mkoa wa Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo vya serikali viliwaruhusu wazazi kuwa na wenzi wa uzazi, na wazazi hao waliridhika na huduma kuliko wa vituo ambavyo havikuwa na utaratibu huo. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza wanawake kama walidharauliwa au kuumizwa na watu wa kazi walipokuwa wakizaa. Walipoulizwa wakitoka hospitalini, 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Walipoulizwa tena nyumbani majuma kadhaa baadaye, waliosema ndiyo walikuwa 28. Tofauti hiyo yanifundisha zaidi ya kitabu kizima: mlangoni mwanamke hushukuru, na nyumbani husema kweli. Mpango uliowekwa huko baadaye ili kurudisha heshima uliitwa Staha, nao ulipunguza dharau. Heri neno hilo lingeandikwa juu ya kila mlango wa leba.

Nazijua hoja za wapinzani, na si zote za kubezwa. Wasema kwanza kuwa hapana nafasi, na kuwa mgeni ataona aibu ya wazazi wengine. Hoja hii yafaa ijibiwe na fundi: pazia baina ya vitanda ni kitu cha gharama ndogo, na mzazi asiye na pazia anavunjiwa heshima hata kama hapana mgeni yeyote. Wasema pili kuwa watu huleta maradhi. Lakini sisi twaomba mtu mmoja, si ukoo; na hata wakati wa janga la korona, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani halikuliondoa pendekezo la mwenzi wa uzazi. Wasema tatu kuwa msindikizaji ataingiza dawa za miti shamba za kuongeza uchungu. Hatari hiyo ni ya kweli, maana dawa hizo zaweza kupasua kizazi. Lakini dawa hunyweshwa kwa siri, aghalabu kabla ya safari, na siri huota penye woga. Msindikizaji aliyeitwa kliniki, akafundishwa na kukabidhiwa wajibu, ataambiwa hatari hiyo mapema. Aliyefukuzwa hataambiwa neno.

Wasema nne kuwa wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli, nami nawaonea huruma. Mkunga mmoja aweza kuwa na wazazi watano au zaidi usiku mmoja, na hawezi kujigawa. Lakini hoja hiyo ni shahidi wangu, si wao. Ikiwa mkunga hawezi kukaa na kila mzazi, basi ni lazima awepo wa kumsugua mgongo, kumpa maji, kumwinua atembee, na kumwita mkunga damu ionekanapo. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumzai. Na wapo, nathubutu kusema, wachache wasiomtaka msindikizaji kwa sababu hawataki shahidi. Hao si wengi, lakini hao ndio watufanyao tuhitaji shahidi.

Yasemwa pia kuwa mambo haya ni ya wenye fedha. Na ndivyo yatakavyokuwa, tukinyamaza. Tayari katika mji kama Arusha mwenye uwezo aweza kuzunguka hospitali kadhaa za binafsi, akauliza, akalinganisha, akachagua chumba chake na mkunga wake. Asiye na uwezo huenda penye huduma isiyo na malipo ambayo sera ya taifa imemwahidi. Lakini mkono wa mama mzaa chema haulipiwi mshahara. Tukimzuia maskini asiupate, tumemnyang'anya mali aliyokuwa nayo. Hata kwa kisu twaona upotovu uo huo. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliona kuwa wazazi 6 tu katika kila 100 nchini walizaa kwa upasuaji, dalili kuwa wengine walikikosa kisu walipokihitaji. Lakini katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, ipokeayo wagonjwa wazito, upasuaji ulipanda kutoka 19 kwa 100 mwaka 2000 hadi 49 kwa 100 mwaka 2011, na ongezeko liliwagusa hata wasio na hatari kubwa. Kisu chakosekana kijijini na chazidi mjini.

Kwa hiyo namshauri mwanamke, na mume wake, na mama yake, waandae mpango kabla ya mwezi wa tisa, na mpango huo usiwe wa pamba na beseni tu. Waulize katika kituo watakachokwenda: Je, naweza kuingia na mtu wangu? Je, naweza kutembea na kunywa? Je, nitaambiwa kabla ya kukatwa au kupewa dripu? Ikitokea haja ya upasuaji, utafanyiwa hapa, au nitapelekwa Mount Meru au kwingineko, na kwa gari gani? Msindikizaji awe ni yule ambaye mzazi anamtaka: mama, shangazi, wifi, rafiki au mume, bila ya kulazimishwa na mila wala na kanuni. Na wote wakubaliane tangu mwanzo kuwa damu ikizidi, shinikizo la damu likipanda, mtoto akilala vibaya au moyo wake ukidhoofika, mpango huacha njia, na tabibu hupita. Uzazi wa asili si sanamu ya kuabudiwa. Aliye na mtu wake ubavuni hukubali kisu kwa moyo mtulivu zaidi kuliko aliye peke yake, maana amepata wa kumweleza sababu.

Watu wa Meru wanajua faida ya kuwa na msemaji. Walipofukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951, hawakungoja wasemewe na waliowafukuza. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Na Azimio lililotangazwa katika mji huu mwaka 1967 liliweka mbele ya yote imani kwamba binadamu ni sawa na wanastahili kuheshimiwa. Sijaona mahali palipoandikwa kuwa imani hiyo hukoma kwenye mlango wa leba.

Ninyi mnaosoma katika vyuo, wengine wenu mtakuwa matabibu, wengine waganga wakuu wa wilaya, wengine wahandisi watakaochora wodi mpya. Mtakapochora, chora na kiti kimoja kando ya kila kitanda. Mtakapoandika kanuni, ziandikeni kwa Kiswahili, mzibandike ukutani ambapo mzazi na mama yake waweza kuzisoma. Na mtakapokuta mlango umefungwa, muulize nani aliufunga, kwa sababu gani, na kama sababu hiyo ingali hai. Wakati mkiuliza, mama mmoja amekaa nje kwenye benchi, amekumbatia mfuko wa kanga, na mwanawe analia ndani. Mfungulieni.